Dawa ya ALS ilifaulu kwa watu 137, ikaanguka kwa 664: ilikuwaje?

Swali: Shikamoo daktari. Nasoma famasi, mwaka wa tatu. Dawa ya ALS iitwayo AMX0035 ilifanya vizuri kwenye jaribio la watu 137, Marekani wakaipitisha mwaka 2022. Mwaka 2024 jaribio la watu 664 likaonyesha haina faida, ikaondolewa sokoni. Je, takwimu za mwanzo zilipikwa?

Jibu: Marahaba. Kwa ugonjwa huu wala hahitajiki mpishi ili takwimu zitoke vile.

ALS huua seli za neva zinazoendesha misuli, lakini haina mwendo mmoja. Wengi hufariki ndani ya miaka 2 hadi 5 tangu dalili zianze. Stephen Hawking aligundulika nayo mwaka 1963 akaishi hadi 2018. Kwenye faili wote wameandikiwa ugonjwa uleule.

Majaribio mengi hutumia kipimo cha ALSFRS-R: maswali 12 kuhusu kumeza, kuandika, kupanda ngazi, kujigeuza kitandani na kadhalika, kila moja alama 0 hadi 4. Mtu mwenye afya kamili ana 48.

Sasa shika kalamu. Wagonjwa wawili wana alama 40 kila mmoja. Wa kwanza alianza kuumwa miezi 8 iliyopita, kwa hiyo hupoteza alama 1 kwa mwezi. Wa pili ana miezi 20, hupoteza 0.4. Wakiendelea hivyo, baada ya miezi 6 mmoja atakuwa na 34 na mwenzake 37.6. Wameachana kwa alama 3.6, na hakuna aliyeonja dawa! Faida yote iliyoonekana kwenye lile jaribio la kwanza, kwa wiki 24, ilikuwa kama alama 2.3.

Waligawanywa kwa kura: waliopewa dawa walikuwa 89, wasiopewa 48. Kura hugawa vizuri watu wakiwa wengi. Kwenye kundi la 48, wenye kasi wachache tu wakiangukia humo, wastani wa kundi zima unazama nao.

Njia mojawapo ya kukwepa tatizo hili ni kuchuja wagonjwa, ila ina madhara yake. Edaravone, dawa nyingine ya ALS, ilishindwa kwenye jaribio kubwa la kwanza Japani. Wakarudi na wagonjwa waliochaguliwa: ugonjwa usiozidi miaka 2, pumzi angalau asilimia 80 ya kawaida, na alama zilizoshuka 1 hadi 4 katika wiki 12 za kuangaliwa kabla ya dawa. Hapo tofauti ya alama 2.49 ikaonekana. Sawa, lakini mgonjwa utakayemkuta kliniki huenda asingepenya chujio hilo, na mimi sioni haki kumuahidi matokeo ya waliopenya.

Bora kupima kasi ya kila mgonjwa kwanza, kisha wenye kasi wapigiwe kura yao na wa polepole yao. Kwa hiyo ukifungua makala ya jaribio la ALS, usikimbilie thamani ya p, ile namba ya kupima kama tofauti ingeweza kutokea kwa bahati tu. Anza na jedwali la kwanza, utafute kila kundi lilikuwa linashuka kwa kasi gani kabla ya dozi ya kwanza. Kama haimo, mwandikie mtafiti umuulize.