Je, Chadema ya 2015 ilikuwa mbadala wa kweli?

Mkuu, umeuliza kama Chadema ya 2015, chama cha upinzani Tanzania, ilikuwa mbadala wa kweli au ni chama tawala, CCM, kilichovaa gwanda, ile sare ya Chadema. Sera zilikuwepo, hasa Katiba mpya na elimu bure. Ila hoja iliyotuvuta wengi ilikuwa ufisadi. Mwaka 2007, pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, Dk. Slaa, katibu mkuu wa Chadema, alimtaja Lowassa, waziri mkuu wa wakati huo kutoka CCM, kwenye orodha yake ya mafisadi. Miaka minane baadaye chama kilekile kikampa Lowassa tiketi ya urais, Slaa akaachana na siasa za vyama. Nani alitueleza kilichobadilika? Lowassa akapata karibu asilimia 40 ya kura, na Machi 2019 akarudi CCM. Siku hiyo jirani yangu alilianua gwanda lake kambani, akalikunja taratibu, akalisukuma uvunguni. Hajalivaa tena.