Deraya ya Chuma Haimzuii Mtu Kuinuka

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naandika riwaya ya fantasia, ufalme wake unafanana na Ulaya ya karne ya 15. Shujaa wangu ni binti mwepesi wa miguu, kwa hiyo nimemvika deraya ya ngozi iliyopigiliwa vichwa vya misumari. Maadui zake wamevaa chuma mwili mzima, na wakianguka hawainuki tena. Yeye anawamaliza kwa upanga. Je, kihistoria nipo sawa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Ngozi nitaifikia. Nianze na hao maadui wanaogaragara chini kama kobe, maana nakutana nao karibu kila mswada wa filamu unaoletwa karakana kwetu tutengeneze mavazi, na nimechoka nao.

Deraya kamili ya vitani ya wakati huo, ile iliyofuliwa Milan au Nuremberg, ilikuwa na kilo 20 hadi 25 hivi. Kuna askari wa leo wanaobeba zaidi ya hapo, tena mzigo wote ukining'inia mgongoni. Deraya haikukaa sehemu moja. Ya mikono ilifungwa kwa kamba kwenye kizibao cha ndani, ya miguu ikashikiliwa kiunoni, ya kifua ikakazwa kwa mikanda. Penye goti na kiwiko, mabamba membamba yalipandana na kushikwa kwa ribiti (pini za chuma za kuunganishia) zilizoachiwa nafasi ya kucheza, hivyo ukikunja mguu yanateleza moja juu ya jingine. Boucicaut, jemadari wa Ufaransa aliyetekwa na Waingereza katika vita vya Agincourt mwaka 1415, anasimuliwa katika wasifu wake kwamba alipiga sarakasi akiwa na deraya yote isipokuwa chapeo. Hata tukipunguza nusu kwa sababu ya sifa, bado huyo si mtu wa kushindwa kuinuka.

Deraya za kilo 40 na kuendelea zilikuwepo, lakini za mashindano ya mikuki, mtu akimbize farasi mara chache kisha avue. Na ile habari ya kupandishwa kwenye farasi kwa winchi imeenezwa na sinema, ikiwemo filamu moja maarufu ya Uingereza ya mwaka 1944.

Kilichowamaliza watu ni joto na pumzi. Kule Agincourt Wafaransa walivuka shamba lililolimwa na kulowa mvua, tope likiwavuta, vifuniko vya uso vya chapeo vimeshushwa kwa kuogopa mishale. Wakafika wamekwisha. Ukitaka maadui zako waanguke, wape tope na mwendo mrefu.

Upanga nao haukati bamba la chuma. Mwalimu wa silaha wa Italia, Fiore dei Liberi, aliacha michoro mwanzoni mwa karne ya 15: mtu ameshika ubavu wa upanga kwa mkono wa kushoto, anausukuma kama mkuki mfupi kuelekea kwapani au usoni. Binti yako atafute upenyo, au achukue nyundo ya vita.

Sasa hiyo ngozi yenye misumari. Huo ni uzushi wa mtu aliyeona kwa nje tu vazi la vita liitwalo brigandini. Nje ni kitambaa, mara nyingine mahameli, kimejaa vichwa vya ribiti. Geuza ndani: safu za mabamba madogo ya chuma yanayopandana, na kila kichwa unachokiona nje kimeshika bamba. Misumari bila bamba haizuii kitu, inaongeza uzito tu. Ndugu wa zamani wa vazi hilo wamefukuliwa Visby, kisiwa cha Gotland, katika makaburi ya halaiki ya vita vya mwaka 1361, wafu wakiwa wamezikwa nalo. Mvike binti brigandini juu ya koti nene la kitani, atakimbia vizuri tu. Bei yake ndiyo itamsumbua.

Ninaowalaumu si waandishi kama wewe. Ni hawa wataalamu wa gemu waliogeuka walimu, wanaogawa deraya kuwa "nyepesi", "ya kati" na "nzito", ngozi kwa mjanja na chuma kwa mzembe, kisha wanauza somo. Nyuma yao wamo wauzaji wa "deraya halisi ya kale" iliyokatwa kwenye ngozi ya kufunikia makochi. Vijana wananunua, wanapigana nazo kwa vyuma vya kweli, wanaumia. Ukiuziwa deraya ya pete, ile iliyosukwa kwa vipete vya chuma, usiangalie mng'aro. Shika pete moja karibu na jicho. Kama ncha zake mbili zimegusanishwa tu bila kupigwa ribiti, ncha ya mkuki itaipanua na kupita. Hiyo ni ya picha, na ilipwe bei ya picha.