Karatasi kwanza, au moja kwa moja Figma?

Swali: Shikamoo kaka. Nipo Bagamoyo, nimepata kazi ya kusanifu programu ya simu ambayo mgeni ataitumia kumpata mwongoza watalii wa kumtembeza Mji Mkongwe na magofu ya Kaole. Nina wiki tatu. Michoro ya awali ya kurasa nichore kwa mkono, nitumie Balsamiq, ile programu ya michoro ya haraka ya skrini, au niingie moja kwa moja Figma, programu ya kusanifu skrini kamili? Mteja anataka Figma. Anasema karatasi si kazi.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Anza na karatasi. Mteja usibishane naye, mwite aje aone.

Jiulize kwanza ni nini ambacho hujakijua. Kwa ulivyoeleza, hujajua kurasa zifuatane vipi, wala mgeni aulizwe nini mwanzo: tarehe, lugha au mahali. Hayo ni mambo ya mpangilio, na penseli huyamaliza upesi kwa sababu kufuta hakuumi. Tena mtu ukimwonyesha kurasa zilizopambwa, atazungumzia rangi. Mpe mchoro wa penseli, atazungumzia kazi yake.

Kunja A4 mara mbili, kata. Kila kipande ni skrini moja. Nenda navyo makumbusho ya Caravan Serai, uwaombe waongoza watalii na wageni wao wakujaribie. Mtu anagusa kitufe kwa kidole, nawe ndiye kompyuta: unaweka karatasi inayofuata bila kumweleza neno. Anaposita, andika. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, alieleza mwaka 2000 kuwa watu 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Jaribu kwa watano, rekebisha, kisha tafuta watano wengine. Nahisi utakwama Kaole. Ni kama kilomita 5 kutoka mjini, sasa nauli ya bajaji analipa nani? Na kiingilio kimo kwenye bei ya mwongoza watalii, au mgeni atadaiwa mlangoni? Ukiligundua hilo kwenye karatasi, unachora kipande kingine tu.

Kwenye vitufe andika maneno yenyewe, usichore mistari ya kujazia. "Thibitisha malipo" ni maneno marefu, na ni heri ujue leo kwamba hayaenei.

Figma iingie wiki ya pili, hasa kwa ajili ya malipo. Mgeni anatoka kwenye programu, anaingiza namba ya siri ya pesa za simu, kisha anarudi. Hapo kuna kusubiri, kuna malipo kukubaliwa, kuna kukataliwa, na kuna mtandao kukatika katikati ilhali pesa imeshatoka. Hilo la mwisho ndilo linalowatia watu hofu, na wasanifu wengi hawalichori kabisa. Karatasi haiuonyeshi wasiwasi wa kusubiri. Chora skrini zote nne kwa upana wa pikseli 360, ziunganishe, mtu azijaribu akiwa na simu mkononi. Rangi bado, kijivu kinatosha.

Balsamiq ni nzuri, na michoro yake imekusudiwa ifanane na ya mkono. Ningekushauri uitumie kama mngekuwa timu iliyotawanyika miji mbalimbali. Wewe uko peke yako, na watu wako unawafikia kwa miguu.

Mteja aketi kando siku ya jaribio la kwanza, asikilize tu. Halafu zile karatasi zipige picha, uzibandike ndani ya Figma pembeni mwa skrini zilizotokana nazo, ili akiuliza kwa nini kitufe fulani kimehama, umwonyeshe.