Re: Kuna timu ya chuo Marekani iliyomaliza msimu bila kupoteza hata mechi moja?

Mkuu, zipo kadhaa, ila mimi nitakupa LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) ya 2019. Mechi 15, ushindi 15. (Tunazungumzia ule mpira wao wa helmeti, siyo soka, tusije tukabishana bure.)

Kilichobadilika ni ushambuliaji. Joe Burrow, mrusha mpira aliyehamia pale akitokea Ohio State, alirusha pasi 60 za tachidauni (bao la kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) msimu ule na kubeba tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo. Nusu fainali dhidi ya Oklahoma alikuwa na pasi 7 za tachidauni kabla ya mapumziko! Ikaisha 63-28.

Ila mechi yenyewe hasa ni ya Alabama, Novemba, ugenini. LSU walikuwa wamechapwa na hawa jamaa mara nane mfululizo. Mapumziko LSU wanaongoza 33-13, ukadhani kazi imekwisha. Wapi! Alabama wakarudi mchezoni, mwisho ikasomeka 46-41. Hapo ndipo niliposadiki kwamba LSU hawashikiki.

Fainali ilipigwa New Orleans Januari 2020, karibu kabisa na nyumbani kwao. Clemson akala 42-25.