Fundi viraka ndo mimi

Mhariri salaam, na wasomaji wenzangu habari za wiki. Swali lenu la wiki hii nimelisoma nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi pale Kimara, "Je, umeshalijua kusudi la maisha yako, na ulilijuaje?", mkasema tujibu kwa kifupi. Mnisamehe tu, kifupi sikiwezi, hata nikienda gengeni kununua nyanya za buku namaliza nusu saa.

Ngoja nianze na semina. Mwaka 2017, wale mnaokumbuka vyuma vilivyokaza kipindi kile mtanielewa, kampuni niliyokuwa nafanya kazi ikapunguza watu na mimi nikawemo. Nilikuwa idara ya uhasibu miaka tisa, umri miaka 34, mtoto yuko darasa la pili, kodi ya nyumba imebaki miezi miwili. Shoga yangu akaniambia usijifungie ndani utapata presha bure, twende kuna semina ya kugundua kusudi lako. Kiingilio elfu thelathini, ukumbi wa hoteli, maji ya chupa na sambusa mbili za baridi. Mzungumzaji kijana tu, kavaa suti ya bluu ile inayong'aa, akatugawia karatasi tuandike: kama hela isingekuwa shida ungekuwa unafanya nini? Mi nikaandika KULALA. Wallahi nilimaanisha, wiki tatu nilikuwa sijapata usingizi wa maana. Jirani yangu kaandika kuzunguka dunia, wa mbele kaandika kusaidia yatima, na nina hakika yule wa yatima naye alitaka kulala ila kaona aibu.

Sasa kuna kitu nakikumbuka kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Koti la yule kijana lilikuwa limempwaya, mshono wa bega umeshuka mkononi kama vidole viwili hivi, kulia zaidi kuliko kushoto, na mimi masaa matatu macho yangu yako palepale begani najiuliza hivi hawa waliomleta hawaoni jamani? Nikatoka ukumbini kusudi silijui, ila lile bega ungenipa karatasi ningekuchorea.

Sisi wengine hilo swali la unapenda nini hatukuulizwa. Kidato cha nne unajaza selform, ile fomu ya kuchagua shule, ukifaulu unapangiwa shule na tahasusi, mi nikaangukia ECA, yani uchumi, biashara na uhasibu, baba akasema vizuri, mhasibu hafi njaa. Hicho ndo kilikuwa kikao chote cha kupanga maisha yangu, hakikufika dakika tano, na baba mwenyewe kasimama ameshika baiskeli anawahi zamu. Simlaumu, angejuaje.

Na hili neno pasheni limekuja juzijuzi na hawa wa semina, zamani tulikuwa na wito, na wito nao nauogopa. Mama yangu mdogo ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 2012 madaktari waligoma, baadaye na walimu wakagoma, mahakama ikasimamisha mgomo, na kila kona unasikia watu wanasema ualimu ni wito jamani, udaktari ni wito. Mama mdogo yuko zake jikoni anakaanga vitumbua vya kuuza asubuhi, maana mshahara haukuwa unafika tarehe kumi na tano, akageuka na upawa mkononi akaniuliza, hivi wito unalipia umeme wa luku? Tangu siku hiyo mtu akinambia kazi fulani ni wito namuuliza kwanza inalipa shilingi ngapi.

Turudi kwangu. Hela kidogo niliyopewa nikaingia nayo soko la Karume, kwenye mitumba. Hakukuwa na pasheni yoyote, kulikuwa na dada jirani yangu anayetafuta mtu wa kuchangia naye meza, basi. Tunafungua belo alfajiri, suruali za kike na magauni, na shida ya mtumba mnaijua, kitambaa kizuri ila kiuno cha watu wawili. Mteja anaishika, anaijaribishia juu ya sketi, anaigeuza, anaiacha. Mwisho wa ujia wetu alikuwa anakaa fundi mmoja mtu mzima, cherehani yake Butterfly ya miguu imechubuka rangi mpaka yule kipepeo kabaki na bawa moja, sote tulikuwa tunamwita Babu. Nikaanza kumpelekea zile zinazokataliwa. Hesabu zangu zilikuwa za kihasibu tu, gauni nimelipata kwa elfu mbili, Babu ananibania kwa elfu moja mia tano, naliuza elfu nane.

Tatizo Babu foleni yake haikuwa ya kitoto. Siku moja nikamfuata, shikamoo Babu, nguo zangu zipo hapa toka Jumatatu. Akasema marahaba mwanangu, kiti hicho, fumua mwenyewe mi nitashona. Akanipa nusu ya wembe na suruali ya kijivu.

Hapa naomba nikae kidogo. Kubana suruali kiuno siyo kukunja pembeni ukapiga mshono ukamaliza, ndo maana unaona watu mifuko ya nyuma imesogeleana kama inataka kunong'onezana. Babu alikuwa anaigeuza ndani nje kwanza, anapitisha kidole gumba kwenye mshono wa nyuma toka kwenye mkanda kushuka chini, taratibu, wala haangalii, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Alikuwa anasema nguo inasomwa ndani, nje ni ya kuringia watu. Halafu unafumua mkanda pale nyuma tu, unakata tundu moja unaruka matatu, ukivuta uzi wa upande wa pili unatoka wote mzima. Alama unaweka kwa kipande cha sabuni ya kufulia kilichokauka, maana ikifuliwa haiachi doa, kisha unashona mshono mpya, unaanza inchi nzima juu, unapunguza, unapunguza, mpaka unaungana na ule wa zamani na huwezi kusema imekutana wapi. Unarudishia mkanda. Unalowanisha kitambaa unapiga pasi juu yake hadi vitundu vya sindano ya zamani vinajifunga. Ukifanya vizuri hakuna atakayejua umefanya kitu, mteja atadhani suruali ilizaliwa hivyo, na hiyo ndo iliyonimaliza mimi, yani kazi ambayo ikiwa nzuri haionekani.

Walinzi wa soko ndo walitutoa siku ile, saa moja na nusu usiku, tumboni sina kitu toka chai ya asubuhi. Nipo kwenye daladala nimesimama ndo nikakumbuka, mbona hii hali naijua? Kule ofisini mwisho wa mwezi tunalinganisha taarifa ya benki na vitabu vyetu, mara vinapishana shilingi 4,500, bosi anasema achana nayo hiyo tutaitafutia pa kuiweka, wenzangu wanachukua pochi wanaondoka, mimi nabaki. Wahasibu wanajua, tofauti ikigawanyika kwa tisa bila baki basi tafuta tarakimu zilizobadilishana viti. Saa tatu usiku naikuta, mtu kaandika 22,700 badala ya 27,200. Furaha niliyokuwa naipata pale sijawahi kumwambia mtu, ningemwambia nani? Miaka tisa yote nilidhani naichukia ile kazi kumbe nilikuwa nachukia kila kitu chake isipokuwa hicho kimoja, na hicho hakikuwa na cheo wala hakikuandikwa kwenye mkataba.

Msije mkadhani baada ya hapo mambo yakawa asali. Watu walipojua nashika cherehani wakaanza kuniletea vitambaa vipya, mishono ya sendofu na kicheni pati ndo yenye hela, kila mtu ananambia nenda huko. Nikajaribu mwaka mzima. Mama mmoja akaniletea kitenge yadi sita kina ndege wazuri ajabu, nikakata, nikashona, akavaa mbele ya kioo, ndege wa kifuani wanaruka kwenda juu na wa mikononi wanapiga mbizi. Tulicheka lakini kitenge nililipa. Na siyo kwamba sikujua, kila fundi anajua uangalie picha kabla hujapitisha mkasi, ni kwamba nilikuwa sijali. Kitambaa kipya hakina shida yoyote, kimetulia tu kinakungoja, mimi sina cha kukiambia.

Kwahiyo mhariri swali lenu mi ningeligeuza. Msimuulize mtu anapenda nini, kila mtu anapenda kulala na kula kuku. Muulizeni kitu gani kikikosewa kinamkera yeye hata kama hakimhusu, wakati wenzake wamekaa wanakula wala hawakioni. Mdogo wangu wa kiume ni mlinzi wa usiku, ukipanda naye daladala dakika mbili tu anakwambia beringi ya mbele kushoto imekufa, akishuka anamfuata dereva anamwambia, madereva wengine wanamtukana. Hajawahi kuwa fundi magari na hataki, anasema mikono yake haipendi grisi, masikio yake yanamtosha. Nayo sawa, siyo lazima kila kitu kigeuzwe biashara.

Wa semina pia walitupa mifano ya watu maarufu, wote wa Marekani. Mi mfano wangu yupo hapahapa Oysterbay, pale Morogoro Stores wanapouza picha za Tingatinga mpaka leo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 huko Tunduru, akaenda Tanga kwenye mkonge, akaja Dar akafanya kazi za majumbani, picha kaanza mwishoni mwa miaka ya sitini, rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mwizi. Ukihesabu ni miaka kama minne hivi. Nikipita pale na daladala huwa nawaza zile rangi, zilitengenezwa zing'arishe madigadi, yeye kaona zinafaa kwa chui na ndege, kaanza nazo hizohizo za dukani.

Sasa hela, maana najua kuna mtu anasoma anasubiri hapo. Kubana suruali elfu tatu, zipu elfu mbili mia tano na zipu yenyewe humo, kukata jinzi na kurudishia pindo lake la mwanzo elfu nne, hiyo usinipunguzie maana inataka sindano namba 16 na uvumilivu. Ada ya shule haitoki hapo. Jioni mbili kwa wiki naandika vitabu vya hesabu vya duka la vipodozi na duka la vifaa vya ujenzi, kazi siipendi, isipokuwa siku vikigoma kulingana. Mama yangu mzazi aliponiona mara ya kwanza nimekaa kibandani aliuliza, nimekusomesha mpaka chuo uje uwe fundi viraka? Kanisani alikuwa anasema binti yangu yupo kwenye biashara ya mavazi. Mwaka jana kaleta sketi yake ya kwaya, kaiacha juu ya meza, hajasema neno, kaondoka. Nimeibana. Ameivaa. Hajasema neno.

Soko lilipoungua Januari 2022 ile Butterfly ya Babu ilibaki vyuma vitupu, subana, kile kikofia cha kidole cha kusukumia sindano, ndo ilipona kwasababu alikuwa anatembea nayo mfukoni. Akarudi kwao Lindi, mi nikahamia Tabata. Hunipigia simu siku za Ijumaa, salamu hazimalizi dakika ashauliza umefumua nini wiki hii.

Hii naandika nikiwa kibandani. Kuna dada kaleta gauni la harusi la kukodi, harusi yake kesho, kasema zipu tu ndo mbovu na anakuja kulichukua saa kumi. Zipu nimeshamaliza. Ila bega la kushoto lipo juu ya la kulia kama nusu inchi, yeye hajaliona na hajalilipia. Sasa hivi saa nane. Wembe nimeshaushika.