Jibu: Land Rover Series III inazima ikipata moto

Habari mkuu, pole. Kama nimekuelewa, hiyo ya petroli unayoifufua nyumbani hapo Tabora inawaka vizuri asubuhi, ikipata moto inazima, ikipoa inawaka tena. Usifungue injini kwanza! Ikizima tu, hapohapo chomoa waya wa plagi, mtu apige stata, wewe uangalie cheche. Ikiwa hakuna, au ni nyekundu na dhaifu, badilisha kondensa (kikopo kidogo cha kuhifadhi umeme) ndani ya distributa, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi. Yangu ilikuwa na tatizo hilohilo. Pointi, yaani swichi ndogo iliyomo humo humo, ziachie nafasi ya 0.35 hadi 0.40 mm zikifunguka. Cheche ikiwa ya bluu, umeme ni mzima, basi tazama kikombe cha kioo cha pampu ya mafuta: tanki lililokaa miaka hujaza mle unga wa kutu, laini kama ugoro. Koili (kifaa kinachokuza umeme wa cheche) za kisasa sijazitumia, wengine wasaidie.