Baba azikwe Brookwood au arudishwe Mombasa?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Baba yetu ni mzaliwa wa Mombasa, yu mahututi hapa Uingereza. Ameusia akifa apelekwe kwao. Mimi naona azikwe makaburi ya Brookwood, lakini dada zangu wanasema yale ni makaburi ya makafiri. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Allah amfanyie wepesi mzee wetu.

Brookwood, kule Surrey, ilifunguliwa 1854 kwa watu wa kila dini, kila kundi na sehemu yake. Hata treni ya maiti kutoka London ilikuwa na vituo viwili mle ndani, kimoja cha Waanglikana, kimoja cha wengineo. Upande wa Waislamu umejitenga, na wamelala huko Marmaduke Pickthall (1936) na Abdullah Yusuf Ali (1953), waliofasiri Qur'ani kwa Kiingereza. Kilichokatazwa ni kuwachanganya Waislamu na wasio Waislamu. Sehemu iliyotengwa ni makaburi ya Waislamu, japo ua wa nje ni mmoja.

Ama wasia, kauli sahihi kwetu wafuasi wa madhehebu ya Shafi ni kwamba maiti hasafirishwi mji mwingine, ila aliyefia karibu na Makka, Madina au Baytul Maqdis (Yerusalemu). Imam Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu yetu, amesema wasia wa namna hiyo hautekelezwi. Mashahidi wa vita vya Uhud waliokwisha kuchukuliwa, Mtume (s.a.w.) aliamuru warudishwe wazikwe walipouawa. Wafuasi wa madhehebu ya Maliki wameruhusu kwa masharti, kwa hiyo msigombane kwa hili. Ila safari ya ndege inahitaji kibali cha afisa wa uchunguzi wa vifo, maiti mara nyingi hutiwa dawa, na siku hupita.

Mtatajiwa Sultani Said bin Taimur wa Oman, aliyezikwa Brookwood 1972 kisha akahamishiwa Muscat. Hiyo si dalili ya kuruhusu. Kufukua kaburi kwa ajili ya kuhamisha tu hakujuzu kwetu.

Panapokosewa zaidi ni kibla. Mombasa kibla ni kaskazini, kichwa cha maiti huwa mashariki. Uingereza kibla ni kusini-mashariki, kama nyuzi 119 kutoka kaskazini. Akilazwa ubavu wa kulia, kichwa huwa kusini-magharibi na miguu kaskazini-mashariki. Makaburi ya Kikristo ya zamani huchimbwa magharibi-mashariki, na mchimbaji akifuata safu hizo, kaburi limepinda. Nendeni na dira kabla ya jembe kuingia.

Udongo ukiwa wa kichanga mwanandani (shimo la ubavuni mwa kaburi) hubomoka: chimbeni mfereji katikati ya kaburi, muufunike kwa viunza (mbao za kaburi). Kuzika ndani ya sanduku ni makuruhu (haipendezi) bila haja. Ardhi ikiwa laini au yenye maji, hapana ubaya. Likitumika, maiti bado ageuzwe ubavu wa kulia, mgongo uegemezwe kwa udongo asirudi chali, na shavu liguse udongo. Watu wengi husahau hilo wakishafunga kifuniko.

Wallahu aalam.